Kibanda cha kucha pale Ngamiani: binti asiyekata kigozi

Kibanda chenyewe hakina bango. Kipo Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, barazani kwa nyumba ya zamani yenye mlango wa mbao uliopakwa kijani. Kuna benchi moja, viti viwili vya plastiki, meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe, na kichupa kitupu cha rangi nyekundu kinachoning'inia mlangoni kwa uzi ili mpita njia ajue hapa panafanywa nini. Mwenye kazi ni binti wa miaka ishirini na kitu. Wateja wake ni akina mama wa mtaani, mama ntilie, mabibi harusi, na Jumamosi wanafunzi wa chuo. Nimekuwa nikienda kwake tangu Aprili 2024, kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo nimeyaona mazuri yake na nimeyaona makosa yake.

Mimi ni nesi mstaafu. Nilifanya kazi miaka 34, na 19 ya mwisho nilikuwa chumba cha upasuaji. Huko uso wa mgonjwa unakuwa upande wa pili wa pazia, lakini mkono unabaki nje, umenyooshwa, na wewe unautazama saa nzima. Nimetazama kucha za watu wengi sana. Ndiyo maana nitaeleza kirefu.

Siku ya kwanza nilikwenda kumpima. Akaniamkia, nikamwitikia, nikakaa na kumnyooshea mkono wa kulia. Nikamwambia, "Mwanangu, nikatie na kigozi hiki, kinaniudhi." Nilikuwa namaanisha ule ukingo mwembamba wa ngozi unaoushika ukucha pale unapoanzia. Mafundi wengi niliowaona wangeinua mkasi palepale. Yeye alikishika kidole changu, akakisogeza kwenye mwanga, akasema:

"Hapana mama, hicho sikikati. Hicho ndicho kizibo. Nikikitoa, maji na wadudu wanaingia ndani."

Nikamuuliza amesomea wapi. Akasema hajasomea popote, kazi alifundishwa Mombasa na mama mmoja aliyekuwa akimgonga mkono kwa kijiti kila alipougusa mkasi wa vigozi. Mimi habari ya kigozi hicho niliisoma chuoni kwa Kiingereza, kwenye mchoro wenye mishale. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu akiieleza kwa neno moja la Kiswahili likatosha. Kizibo. Nikavua kandambili nikakaa vizuri.

Sasa niseme kwa nini nilikwenda kupima mtu badala ya kukaa tu nikapakwa rangi.

Agosti 2023 nilimwoza binti yangu wa mwisho. Siku mbili kabla ya harusi wadogo zangu walinipeleka saluni moja, jina lake naliacha, yenye kiyoyozi na viti vya kuegemea. Fundi alinikata vigozi vyote kwa kimkasi, kidole baada ya kidole, na kwenye dole gumba la kulia akazidisha, damu ikatoka. Akaifuta kwa pamba akaendelea. Kisha akawasha mashine ya kusagia, akaukwangua ukucha mpaka nikahisi joto, akapaka jeli, tukaingiza mikono kwenye taa. Nililipa shilingi 35,000. Ule mkasi sikuuliza ulitoka kwa nani kabla yangu, mimi niliyehesabu mikasi iliyochemshwa miaka yote ile. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na furaha, mwanangu anaolewa.

Usiku wa tatu dole likaanza kupwita. Asubuhi ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu na ngumu, jioni likavimba, na usaha ukaonekana chini ya ngozi kama punje ya mchele. Mdudu wa kidole. Marehemu mama yangu angetoboa ndimu akaniambia nichomeke kidole humo mpaka maumivu yatulie. Hakuna mdudu pale, bila shaka. Ni bakteria tunaoishi nao juu ya ngozi siku zote, wasiotudhuru mpaka wapate mlango, na mlango ndio ule uliofunguliwa kwa mkasi. Nilikwenda hospitali, daktari akapasua kidogo pembeni, usaha ukatoka, maumivu yakashuka saa ileile. Nikapewa dawa za siku 7.

Nilidhani yameisha. Mwisho wa Septemba, ngozi ya pale imeshapona kabisa, nikaona mfereji mdogo unachungulia kutoka chini ya kigozi, umekata ukucha kwa upana kama mtu aliyebonyeza kwa kisu butu. Hapo ndipo anatomia ya ukucha inapokuwa jambo la mwilini mwako. Kile kigumu tunachokiita ukucha hakina uhai. Ni keratini, ileile ya nywele na ya pembe za ng'ombe, na ndiyo maana tunakata bila kuumia. Kilicho hai ni shina lake, ambalo limefichwa ndani ya nyama, milimita kadhaa nyuma ya pale unapoona ukucha unaanzia. Tazama dole gumba lako: kile kimwezi cheupe ndicho ncha ya shina inayochungulia. Shina ndilo kiwanda. Linazalisha seli mpya, zinabanana, zinakauka, zinasukumwa mbele, na huo msukumo ndio tunaouita kuota. Likipigwa, likiungua, likibanwa na uvimbe kama langu, kazi inasimama kwa siku kadhaa, na zile siku zinabaki zimeandikwa kwenye ukucha kama mfereji. Homa kali nayo huweza kuacha alama hiyo, ila kwenye vidole vingi kwa wakati mmoja. Daktari Mfaransa, Beau, aliieleza mwaka 1846, na mpaka leo mistari hiyo inaitwa kwa jina lake.

Kwa sababu nilikuwa nimestaafu na nina muda, nilichukua rula ya mjukuu wangu nikaanza kupima kila tarehe 1. Tarehe 1 Novemba mfereji ulikuwa milimita 3 kutoka kwenye kigozi. Tarehe 1 Desemba, 6. Mwaka mpya, 9. Mwanzoni mwa Machi niliukata pamoja na ncha ya ukucha, ukaisha. Miezi saba tangu kidole kile kikatwe. Alikuwepo daktari mmoja Marekani, William Bean, aliyefanya kazi hiihii kwa miaka 35: kila mwezi alichora alama kwenye ukucha wa dole gumba lake akahesabu siku mpaka ifike ncha. Akiwa na miaka 32 ukucha wake uliota milimita 0.123 kwa siku, na akiwa na 67 ukapungua mpaka 0.095. Wangu wa miaka 62 ulikuwa katikati ya hapo. Vidole vya miguu vinakwenda taratibu zaidi; ukucha wa kidole gumba cha mguu ukitoka wote, hesabu mwaka mzima au mwaka na nusu kabla haujarudi. Fundi anayekuharibia kwa dakika moja anakupa kazi ya kusubiri ya namna hiyo, na ndiyo maana siwezi kusema kucha ni mapambo tu.

Turudi barazani. Kazi ya yule binti inachukua dakika 40 kwa mikono, na hajawahi kuikimbiza hata foleni ikiwa ndefu. Anaanza kwa kukukagua. Anashika kila kidole, anakibonyeza ukucha, anaachia. Ameona watu wakifanya hivyo hospitali, aliniambia, akaona inapendeza. Nikamwambia si mapambo: chini ya ukucha kuna kitanda kilichojaa vijishipa vya damu, ndicho kinachoupa rangi yake ya waridi, ukibonyeza damu inakimbia, ukiachia inatakiwa irudi kabla ya sekunde 2. Kama kitanda ni cheupe kwa vidole vyote, mwambie mtu akapime damu. Tangu siku hiyo anahesabu kwa sauti, "moja, mbili," na wateja wamezoea.

Kisha maji ya vuguvugu kwenye beseni la bluu, sabuni kidogo, dakika 5 kwa saa ya ukutani. Si zaidi. Hili nalipenda, kwa sababu saluni nyingi wanakuloweka mpaka vidole vinajikunja. Ukucha unanyonya maji kuliko ngozi. Unavimba, halafu ukikauka unasinyaa, na kuvimba na kusinyaa huko kila siku ndiko kunakouchana matabaka kwenye ncha. Mama ntilie wa jirani yake alikuwa na kucha zinazobanduka kama ganda la kitunguu, akidhani amekosa vitamini. Binti alimuuliza swali moja tu: "Unaosha vyombo mara ngapi kwa siku?" Akamshauri avae glovu kwenye masufuria na apake mafuta kila akilala. Nimemwona yule mama mwezi huu. Bado anaosha vyombo, glovu za njano, na kucha zimeshikana.

Anakukausha kwa taulo, katikati ya vidole pia. Mikono anaikata kwa mviringo mdogo akikuachia mstari mweupe wa milimita moja hivi. Miguu anaikata ikiwa imenyooka na hachimbi pembeni, kwa sababu pembe iliyochimbwa ndiyo inayokuja kuota ndani ya nyama. Chini ya ncha hachokoi. Pale ukucha unapoachana na nyama kuna kizibo cha pili, cha mbele, na ukikichokoa kwa pini au kijiti ukucha unaanza kuachia kitanda, unaacha mfuko, na mfuko huo unakaa maji na fangasi. Yeye anapitisha brashi laini yenye sabuni, basi. Msasa anausogeza upande mmoja, kutoka pembeni kuja katikati, na ukisikiliza ni sauti ya mtu anayepepeta mchele mkavu.

Kwenye kigozi ndipo ninapomtazama kila mara, na nataka muone ninachokiona. Anafunga kona ya taulo lenye unyevu kwenye dole gumba lake. Anaiweka juu ya kigozi. Anakisukuma nyuma polepole, kidogo mno, mpaka kilichokwisha kufa na kubanduka chenyewe kinaviringika kwenye taulo, na kilicho hai kinabaki kimeshika. Kama kuna vijingozi vilivyochanika pembeni, vile vinavyouma ukivivuta kwa meno, hivyo tu ndivyo anavyovikata, na anakata kilichosimama, havuti. Halafu tone la mafuta ya nazi kwa kila kidole, ya kukamuliwa nyumbani, yenye harufu ya nazi kweli. Anayasugua kwenye kigozi mpaka kinang'aa. Mara ya kwanza alipolifikia lile dole langu alisimama, akaligusa pembeni kwenye kovu dogo la kisu cha daktari, akasema, "Pole mama. Hapa walikukata." Sikuwa nimemwambia.

Kasoro. Ninazo, na ya kwanza haikuwa ndogo. Nilipoanza kwenda, vyombo vyake alikuwa akivifuta kwa pamba yenye spiriti kati ya mteja na mteja, na kwa macho yake vilikuwa safi kwa sababu vinang'aa. Havikuwa safi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo wala huioni. Nilimwita pembeni, si mbele ya watu, nikamweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wa uuguzi: Jik ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, vyombo vilale humo dakika 10, uvisugue kwa sabuni, uvisuuze, kisha uvichemshe dakika 20 kuanzia maji yanapotokota. Na usivisahau kwenye Jik, vitashika kutu. Aliandika kwenye daftari. Niliporudi wiki tatu baadaye alikuwa amenunua seti mbili za ziada, na sufuria ndogo yenye kifuniko ilikuwa juu ya jiko la mkaa. Sasa ana seti tatu: moja mkononi, moja kwenye Jik, moja jikoni. Ukifika akakuta haijapoa atakwambia usubiri. Watu wengine wananuna, wanaondoka. Mwenzangu, kaa usubiri.

Msasa hauchemshiki, kwa hiyo nao kautafutia dawa. Unanunua wako kwa shilingi 500, anauandika jina kwa kalamu ya wino, anautia kwenye bahasha na kuiweka kwenye sanduku la biskuti. Wangu ni wa nne sasa. Beseni analisugua kila baada ya mteja. Wengine hutandika mfuko wa plastiki, yeye anasema mifuko ilishapigwa marufuku tangu 2019 na anasugua tu.

Kasoro ya pili bado ipo. Anauza kichupa kisicho na lebo, shilingi 8,000, anachokiita dawa ya kukuza kucha. Tumebishana mara mbili. Kinachopakwa juu ya ukucha kinapakwa juu ya kitu kisicho na uhai. Kinaweza kuulainisha au kuuzuia usikatike, lakini hakiwezi kuingia kiwandani na kuharakisha kazi. Kiwanda kinategemea damu, na damu inategemea unachokula na afya yako nzima. Yeye anasema wateja wanakitaka na ndicho kinacholipa kodi ya baraza. Namwelewa, ila msikinunue. Mafuta yake ya nazi, kichupa 2,000, ndiyo ya kununua. Vilevile alikuwa akiwaambia watu kwamba vidoa vyeupe kwenye kucha ni ukosefu wa kalsiamu. Hapana. Mara nyingi ni kujigonga kidogo kwenye shina wiki nyingi zilizopita, hata hukumbuki, na vinasogea mbele mpaka unavikata. Hilo amelikubali.

Jeli hafanyi, wala kucha za unga. Kwa wasichana hii ni kasoro, kwangu ni sifa. Sisemi jeli ni sumu. Ubaya wake mkubwa ninaoujua uko sehemu mbili: kuibandua kwa nguvu, ikaondoka na tabaka la juu la ukucha, na jeli mbichi kugusa ngozi kila mara mpaka mwili unaikataa, vidole vinawasha na kupasuka, na mzio huo ukishaingia hautoki. Kama utaifanya, iyeyushwe kwa asetoni bila haraka, na fundi asiimwage kwenye ngozi.

Kabla ya kufungua kichupa cha rangi anauliza kwa upole, "Mama, unaswali?" Anayeswali anamkumbusha kwamba rangi inazuia maji ya udhu, na anamletea hina. Hina yake ni ya majani, anatwanga mwenyewe na kuikanda kwa maji ya ndimu. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea, hana, kwa sababu iliwahi kumbabua dada yake mikono siku ya maulidi. Hina ya majani inashikana na keratini yenyewe, na kwa kuwa ngozi inajibadilisha haraka na ukucha hauna haraka, wiki mbili baadaye viganja vimefifia lakini kucha bado ni nyekundu kama siku ya kwanza. Mtu akitaka kuona kwa macho yake kwamba ukucha unaota kutoka nyuma, apake hina. Baada ya mwezi atakuta kipande kisafi cha milimita 3 kimejitokeza karibu na kigozi, na wekundu umesogea mbele.

Kuna jambo nililomwomba mwenyewe na analifanya bila kukosa. Mjamzito wa miezi ya mwisho akija, kidole kimoja cha kila mkono hakipaki chochote. Akipelekwa upasuaji usiku, kile kibanio cha kupima oksijeni kinapitisha mwanga kwenye kidole, na rangi nzito au hina nyeusi inaweza kukichanganya. Nimewahi kutafuta asetoni usiku wa manane na mama yupo mezani. Sasa binti anawaambia, "Hiki tunamwachia daktari," na wanacheka, na kidole kinabaki kitupu.

Niliyoyashuhudia Julai ndiyo yaliyonifanya niamue kuandika. Alikuja mama wa makamo anayeuza vitenge, akataka rangi nyeusi ya kufunika mstari kwenye dole gumba la kushoto. Wengi wetu weusi tuna mistari ya kahawia inayokwenda kwa urefu wa ukucha. Mimi ninayo kwenye vidole sita tangu ujana na si ugonjwa, ni rangi yetu. Lakini wa yule mama ulikuwa mmoja tu, kidole kimoja, umekuja mwaka uleule, na alisema unapanuka. Binti hakufungua kichupa. Alisema, "Mama, huu sikufunikii. Nenda ukauonyeshe kwanza, ukirudi nakupaka bure." Mama akakasirika. Nikaingilia kati, nikamweleza kwamba mstari wa namna hiyo mara nyingi ni doa tu, lakini mara chache ni saratani ya ngozi, na saratani hiyo haichagui ngozi nyeupe; Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu na akafa 1981 akiwa na miaka 36. Ukiona rangi imevuka ukucha ikaingia kwenye ngozi, usingoje hata wiki. Alikwenda. Walimkata kipande kidogo wakakipeleka maabara, akarudi baada ya wiki kadhaa na karatasi mkononi: doa tu. Akakaa benchi lilelile, akapakwa nyeusi, na hakulipa.

Mtu wa kisukari mwenye kidonda au ukucha ulioingia kwenye nyama mguuni hamgusi, anamwelekeza kliniki, hata akiongezewa fedha. Msimlazimishe. Na yule mwanafunzi aliyekuja na kucha zilizobonyea katikati kama vijiko, alimwambia akapime damu kabla ya kuzungumzia rangi. Kubonyea huko mara nyingi kunatokana na upungufu wa madini chuma.

Bei za sasa: mikono shilingi 3,000, mikono na miguu 6,000, rangi ya kawaida ongeza 2,000, hina ya kucha peke yake 3,000. Viti havina mahali pa kuegemea, mgongo utakuuma ukifanya miguu. Moshi wa chipsi za jirani unaingia kuanzia saa kumi jioni. Simu hapokei akiwa kazini, kwa hiyo nafasi haiwekwi, unafika unapanga foleni, na wiki ya harusi au karibu na Idi foleni inafika mtaroni. Nampa nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki ni ya kile kichupa, siku atakapokiondoa mezani nitarudi kuiandika.

Nendeni katikati ya wiki, asubuhi kuanzia saa tatu, vyombo vikiwa vimetoka kuchemshwa na yeye hajachoka. Ijumaa anafunga saa sita mpaka swala iishe. Chukua kanga ya kujifunika magoti, maana baraza linatazama barabara. Mimi huwa pale Jumanne, na msasa wangu upo kwenye bahasha ya tatu kutoka juu.